Talaka Iliyoligawa Soko

Eugenia Komba aliumaliza utafiti wake kabla hajatoka ofisini, akiwa bado amesimama na mkoba begani.

Bwana Silvanus, mkuu wa kitengo chao pale wizarani, alikuwa amemaliza kumwandikia kanuni ubaoni. Unachukua fungu la kila benki katika soko kwa asilimia, unalizidisha kwa lenyewe, kisha unajumlisha. Benki zikiwa nyingi na ndogo ndogo, jibu linakuwa dogo, maana yake watu wana pa kuchagua. Ikiwa moja imeshika kila kitu, basi ni mia mara mia, elfu kumi, na kipimo hakina pa kupanda tena.

“Nchi nzima benki ya kuweka na kutoa ni moja,” Eugenia alisema. “Mia mara mia. Naomba ruhusa nikapange foleni ya sabuni.”

Bwana Silvanus alifuta chaki mikononi bila haraka. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka miwili na tangu arudi alikuwa hapendi kukatizwa. “Elfu kumi bila kwenda uwandani ni uvumi,” alisema. “Elfu kumi ukiwa umekwenda uwandani ni matokeo. Wataalamu wa ng'ambo wameomba jedwali la nchi zinazoendelea, na wametoa posho ya wiki tatu. Wewe utakwenda Kisarawe na Kibaha.”

“Na posta? Watu wana vitabu vya akiba posta.”

“Posta ni ya stempu.”

Ndivyo Eugenia alivyojikuta ndani ya landrova ya wizara, mwezi wa Novemba mwaka 1980, na fomu mia tatu kwenye boksi la maziwa ya unga. Dereva wake, Salehe, alikuwa mtu mzima wa Kiluvya aliyehesabu petroli kwa vijiko. Fomu zenyewe zilikuwa zimetafsiriwa kutoka nchi yenye benki kama utitiri. Swali la nne lilisema: “Taja benki unazozitumia, ukianza na ile unayoipenda zaidi.” Chini yake kulikuwa na mistari mitano.

Mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa mkulima wa korosho pale Kisarawe, Mzee Husseini. Alilisikiliza swali mpaka mwisho kwa adabu.

“Kwani zipo ngapi?” aliuliza.

“Moja, mzee.”

“Basi andika hiyo.”

“Mstari wa pili?”

“Hiyo hiyo, ila naipenda kidogo.”

Hivyo hivyo wakashuka mpaka mstari wa tano, ambapo Mzee Husseini alikuwa anaichukia kabisa. Eugenia alipomuuliza ameweka kiasi gani huko, mzee alisema hajaweka hata senti. Gari la benki hupita Jumatano ikiwa lina mafuta, na yeye Jumatano huwa shambani. Sasa fedha za korosho anaziweka wapi? Hapo Mzee Husseini akawa kiziwi ghafla, akaanza kuzungumzia mvua.

Ilikuwa vivyo hivyo nyumba baada ya nyumba. Kwa siku nne Eugenia alikusanya fomu hamsini na mbili zilizosema kwamba watu wa Kisarawe wanavuna, wanauza, wanasomesha, wanaoza mabinti, na hawana fedha. Siku ya tano, mwenye nyumba aliyopanga, Sikudhani, alimhurumia. Alikuwa anamsuka nywele barazani, na kichwa cha mtu kikiwa magotini mwako ni vigumu kumficha jambo.

“Unawauliza vibaya,” Sikudhani alisema. “Unauliza benki. Uliza nani anaweka kwa Bi Mwanamkuu.”

“Nani anaweka?”

“Nani haweki?”

Bi Mwanamkuu binti Jumbe alikuwa mkunga. Nusu ya wateja wake alikuwa amewapokea duniani kwa mikono yake, na aliona kwamba mtu uliyemwona siku anazaliwa hawezi kukudanganya sana. Eugenia alimkuta anamenya mihogo uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeuliza watu fedha zao?”

“Ndiye mimi.”

“Na wewe umeweka wapi zako?”

Eugenia alisema kweli, kwamba ziko chini ya godoro, Ilala. Bi Mwanamkuu aliguna, akamsogezea kigoda. Yaelekea jibu lile lilimpendeza kuliko cheo chochote, kwa sababu kuanzia hapo alizungumza. Watu mia mbili na kumi na tatu walikuwa wameweka kwake. Kila mmoja alikuwa na mstari wake katika daftari la shule, kwa herufi za Kiarabu. Fedha zilipo hakusema, na Eugenia hakuuliza. Wake waliweka bila waume kujua, na waume wengine waliweka bila wake kujua, na mara mbili au tatu kwa wiki mtu na mkewe walipishana mlangoni kwake, kila mmoja akisema amekuja kuulizia dawa ya tumbo.

“Mtu akitaka zake, unampa siku hiyo hiyo?”

“Mwenye mgonjwa nampa usiku wa manane. Mwenye msiba nampa kabla hajafungua mdomo. Anayetaka kuongeza mke namwambia fedha ziko mbali, arudi baada ya mwezi. Wengi hawarudi.”

Eugenia aliandika. Halafu akauliza swali la tisa kama lilivyo kwenye fomu: je, una washindani?

Kisu cha Bi Mwanamkuu kilisimama kwenye muhogo.

“Yupo mmoja,” alisema. “Yuko Kibaha, Tangini. Anaitwa Abeid. Alikuwa mume wangu.”

Kumbe zamani lilikuwa soko moja. Miaka ishirini mtu na mkewe walishika fedha za watu pamoja, tangu korosho zilipoanza kuleta pesa. Kisha Abeid akaiona mashine ya kusaga inauzwa, akataka kuinunua kwa fedha za watu, airudishe taratibu kwa unga. Mkewe alikataa. Waligombana msimu mzima, mpaka wakaachana, na siku ya talaka kadhi alipouliza kama kuna mali ya kugawana, wote wawili walisema hakuna. Usiku wake waligawana wateja. Bi Mwanamkuu alibaki na wanawake na baadhi ya wale aliowapokea duniani, Abeid akaondoka na wanaume wengine, akahamia Tangini, akanunua ile mashine.

“Ana kiasi gani huko?” Bi Mwanamkuu aliuliza, kama anayeuliza bei ya nazi.

“Mama, siwezi kumwambia mtu habari za mwingine.”

“Vizuri. Ukimwona msalimie. Usimwambie nimekonda.”

Hakuwa amekonda hata kidogo.

Kibaha, wiki ya pili, kazi ilikwenda upesi kwa sababu sasa Eugenia alijua la kuuliza. Tangini, Sofu, Pangani ya Kibaha, mpaka Mlandizi, aliuliza: umeweka kiasi gani kwa Mzee Abeid? Mzee mwenyewe alimpokea vizuri. Alikuwa mrefu, mpole, na koti la suti alilolivaa hata kwenye jua. Alimwonyesha mashine yake bandani, imefunikwa turubai kama maiti. Ilikuwa imesaga miezi minane, mkanda ukakatika, na mkanda mwingine ulikuwa unangojewa kutoka ng'ambo kwa mwaka wa tano sasa.

“Mama Jumbe hajambo?” aliuliza. “Mtoto wetu Jumbe ameniandikia barua kutoka Tanga lakini mamaye hamtaji.”

“Hajambo. Anakusalimu.”

“Amekonda?”

Eugenia alisema hakumwangalia vizuri.

Ijumaa jioni, kwa taa ya chemli, alijumlisha makadirio yake. Kwa kila shilingi mia zilizowekwa akiba katika nyumba alizotembelea, arobaini na nane zilikuwa kwa Bi Mwanamkuu, thelathini na moja kwa Mzee Abeid, kumi na nne benki, saba posta. Alizidisha, akajumlisha, akapata elfu tatu mia tano na kumi. Alicheka peke yake. Benki ya taifa zima ilikuwa ya tatu, nyuma ya mkunga na mtalaka wake. Alilala akiwa na furaha ya mtu aliyegundua mto.

Kitu ambacho hakukizidisha kwa chochote kilikuwa swali lake mwenyewe. Pangani mzee mmoja alikuwa amemuuliza, “Serikali inataka kujua ya nini?” naye akajibu, “Wanataka tarakimu tu, wizarani.” Habari ilipofika Sofu ilikuwa serikali inahesabu fedha zilizofichwa. Ilipofika Mlandizi ilikuwa noti zinabadilishwa Jumatatu, na zile zitakazokutwa kwa mtu binafsi zitachomwa moto mbele ya mkuu wa mkoa. Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, Eugenia aliamshwa na kelele. Nje ya nyumba ya Mzee Abeid walikuwa wamesimama wanaume arobaini na mmoja. Aliwahesabu, kwa mazoea.

Alipita mlango wa uani. Mzee Abeid alikuwa ndani na fulana, koti limetundikwa msumarini, na bila koti alionekana kama mtu mwingine.

“Ni mimi, mzee,” Eugenia alisema. “Ni maswali yangu yamewaleta. Unazo za kuwapa?”

“Ninazo elfu moja na mia nane.”

“Na wanakudai?”

“Elfu ishirini na tatu na kitu. Nyingine zinasaga.”

“Zinasaga?”

“Zingekuwa zinasaga, mkanda ungefika.” Alikaa kitandani. “Binti yangu, nakuomba jambo moja. Watu wote na wajue, lakini Mama Jumbe asijue. Alinikataza. Miaka sita nimeishi vizuri kwa sababu hajapata nafasi ya kusema alinikataza.”

Eugenia alimwitikia kwa kichwa, akatoka kwa mlango uleule, akaenda moja kwa moja kumwamsha Salehe.

“Kisarawe,” alisema.

“Leo Jumapili,” Salehe alisema. “Kuanzia saa nane mchana magari yamekatazwa, kubana petroli; likikutwa barabarani ni polisi. Na hili ni la serikali. Na kibali chetu kinasema Kibaha.”

“Basi tuwe tumerudi Kibaha kabla ya saa nane.”

Salehe alimwangalia usoni, akaacha kuhesabu vijiko. Waliikamata barabara ya Morogoro mpaka Ubungo, wakazunguka mjini, wakapanda Pugu, na saa tatu na nusu Eugenia alikuwa amesimama uani kwa Bi Mwanamkuu, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, anaeleza. Alieleza yote, hata lile aliloombwa asiseme.

Alitegemea kelele, au kicheko. Bi Mwanamkuu alimaliza muhogo aliokuwa anaumenya.

“Wapo wangapi mlangoni?”

“Niliwaacha arobaini na mmoja.”

“Wamekaa au wamesimama?”

“Wamesimama.”

“Basi bado hawajaamua. Wakishakaa chini ndio hawaondoki.” Aliinuka. “Geuka ukutani.”

Eugenia aligeuka. Alisikia kitu kinaburutwa, jembe linagonga udongo, kimya kirefu, kisha mlango wa ndani. Alipoambiwa ageuke alimkuta Bi Mwanamkuu amevaa kanga mpya ambazo bado zina wanga, amejifukiza udi, na tenga la mihogo liko miguuni pake. Lilikuwa zito kuliko mihogo.

“Unamsaidia baada ya yote yale?” Eugenia aliuliza garini.

“Nani anamsaidia? Wanaume wale wakikosa fedha zao leo, kesho wake zao watakuja kwangu kuchukua za kwao. Watasema kama Abeid amekwisha, na mtalaka wake je? Na mimi nikitoa za watu mia mbili siku moja, hata kama zote zipo, nani ataniwekea tena?” Alitazama nje, tenga la mihogo likimgonga goti kila shimo. “Nazima moto wa jirani kwa sababu paa letu limeungana.”

Baada ya Kimara Bi Mwanamkuu aliuliza, taratibu, kama Abeid alikuwa amevaa koti.

“Hapana,” Eugenia alisema. “Alikuwa na fulana.”

Bi Mwanamkuu alimwambia Salehe aongeze mwendo.

Walifika saa sita kasoro. Wanaume sasa walikuwa sitini na zaidi, na mmoja, fundi baiskeli anayeitwa Pazi, alikuwa amepanda juu ya gogo anawahutubia. Bi Mwanamkuu alipita katikati yao kana kwamba amekuja kutembelea wagonjwa. Aliomba kigoda, akaketi barazani, akaanza kutoa mihogo mmoja mmoja na kuipanga sakafuni. Chini ya mihogo zilikuwa noti, zimefungwa kwa ukili, vifungu vifungu. Kelele zilikoma zenyewe.

“Aliyekuwa anasema sana ni nani?” aliuliza.

Walimsukuma Pazi mbele.

“Shikamoo, Bi Mwanamkuu.”

“Marahaba. Umekua, Pazi. Ulitoka miguu kwanza, nilikesha nawe. Unadai ngapi?”

“Mia sita.”

Mzee Abeid, akiwa sasa ndani ya koti lake, alitoka na daftari, akathibitisha kwa sauti ndogo. Hakumtazama mtalaka wake. Bi Mwanamkuu alihesabu noti za shilingi kumi kumi, polepole sana, kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma waliisikia. Akamwambia Pazi azihesabu yeye. Pazi akahesabu. Akamwambia azihesabu tena, asije akasema kaibiwa na mwanamke.

“Utaziweka wapi?” alimuuliza mwishoni.

“Nyumbani.”

“Kwa mkeo?”

Wanaume walicheka, kwa kuwa mke wa Pazi alijulikana mpaka Mlandizi kwa kupekua. Pazi alibaki amesimama na mia sita mkononi, akigundua kwamba hana pa kwenda nazo. Bi Mwanamkuu aliita wa pili, wa tatu, wa nne, kwa mwendo uleule wa kobe. Ilipofika saa saba alikuwa amelipa kumi na mmoja, na waliokuwa nyuma walianza kukumbuka kazi zao. Mtu aliyeona fedha zake zipo hana haraka nazo sana. Kisha Pazi alirudi, akainama karibu na kigoda.

“Bi Mwanamkuu, wewe huwapokei wanaume wa huku?”

“Leo Jumapili. Njoo siku nyingine.”

“Naomba unishikie tu.”

“Nimesema siku nyingine.”

Kukataliwa huko ndiko kulikowamaliza. Kati ya kumi na mmoja waliolipwa, tisa walipanga foleni upya, sasa wakiomba wachukuliwe. Waliobaki walitawanyika, wengine wakiwa wamekasirikia Mlandizi kwa kuzusha uongo.

Salehe alikuwa ameiegesha landrova chini ya mnazi, amelala na kofia usoni, saa nane ikapita bila kumgusa.

Mapatano yalifanyika ndani, Eugenia akiwa shahidi kwa sababu hakuwapo mwingine anayejua kiasi. Bi Mwanamkuu aliyasema akiwa amesimama. Mashine sasa ni yake yeye. Daftari linakwenda Kisarawe. Abeid ataendelea kukaa Tangini na kupokea fedha za watu.

“Utapokea,” alisema. “Hutakopesha. Hutanunua kitu chenye magurudumu wala mkanda.”

“Sawa, Mama Jumbe.”

“Na sitasema kwamba nilikukataza.”

Mzee Abeid alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Umeshasema,” alisema. Bi Mwanamkuu alifikiri kidogo, akakubali kwamba ni kweli, na wote wawili wakacheka, kicheko cha watu waliokaa pamoja miaka ishirini. Eugenia aliona amezidi pale, akaenda kuhesabu mihogo.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya Bwana Silvanus na karatasi mbili.

“Ijumaa kipimo kilikuwa elfu tatu mia tano na kumi,” alisema. “Jumapili kilikuwa elfu sita mia nne themanini na sita.”

“Kimeruka ndani ya siku mbili?”

“Kimeruka kati ya saa sita na saa nane.”

Bwana Silvanus alisoma. Alisoma tena. Alivua miwani. “Hawa ni kina nani? Mkunga? Hawa si benki.”

“Watu wanaweka kwao, wanatoa kwao. Wiki iliyopita mmoja alitaka kufilisika na mwingine akamnunua. Sijui benki hufanya nini zaidi ya hapo.”

“Majina yao kamili?”

Eugenia alikuwa amelitegemea swali hilo tangu Kiluvya. Alijua majina yakiandikwa yatapanda ghorofa, na ghorofani yupo mtu atakayeuliza kwa nini mwanamke wa Kisarawe anashika fedha kuliko serikali, na mtu huyo hatakuja na fomu. Alijua pia kwamba hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na haitafanyika tena.

“Sikuyachukua,” alisema. “Waliogopa kutaja.”

“Basi utafiti hauna chanzo.” Bwana Silvanus alirudisha miwani, akachukua kalamu nyekundu, kwa huruma kiasi. “Tuandike elfu kumi. Wala usijisikie vibaya, umeifikia kwa njia ngumu.”

Ripoti ilichapwa. Wataalamu waliipenda, wakasema nchi chache zimetoa tarakimu safi vile. Eugenia alipewa barua ya pongezi, na kwa siku kadhaa hakutaka kumwona mtu.

Mwezi wa Februari, kwa nauli yake mwenyewe, alipanda basi mpaka Kibaha. Kulikuwa na jambo alilokuwa hajalisema siku ile, katikati ya mbio zote. Alimkuta Mzee Abeid barazani, amevaa shati tu, anakoboa mahindi.

“Nimekuja kukuomba radhi, mzee. Kwa maswali. Na kwa kumwambia Mama Jumbe.”

Mzee Abeid alimpisha kwenye mkeka. Alipuliza makapi.

“Mimi nilishika fedha za watu miaka ishirini na sita,” alisema. “Paka akidondosha sufuria, naamka. Mbwa akibweka Sofu, naamka. Sasa kila Alhamisi zinakuja kuchukuliwa. Binti yangu, nasinzia hata mchana. Juzi nimesinzia msikitini.”

“Na anayekuja kuzichukua ni nani?”

“Anakuja mwenyewe,” Mzee Abeid alisema. “Anasema hamwamini mtu mwingine. Wiki iliyopita basi la jioni lilimwacha.”

Aliinama kwenye mahindi yake, na Eugenia, ambaye alikuwa na maswali matatu mazuri, hakuuliza hata moja.